Kijiti cha Senetwet

Binti yangu alikufa kwa maziwa. Nasema mapema ili asiwepo msomaji wa kukaa kitako akitumaini kwamba mbele huko atapona. Hakupona. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa ameanza kukimbia kabla hajajua vizuri kutembea, na maziwa yaliyomuua hayakuwa na harufu wala rangi mbaya. Yalikuwa matamu hata siku ya tano, na mimi ndiye niliyeyafanya yawe matamu.

Ninaandika kwa Kiswahili, lugha niliyoipata kazini, kwa sababu kwa lugha ya mama nimejaribu mara nyingi na sijawahi kuvuka sentensi ya kwanza. Wanangu waliozaliwa baadaye wananijua kuwa mzee wa hasira za karibu, mtu wa kugomba kikombe kikiwekwa vibaya mezani. Hawajui hasira hizo ni za nani. Wakisoma hapa watajua.

Kwetu ni upande wa Silibwet. Nilikwenda Kericho kutafuta kazi katika mashamba ya chai miaka ile ya kati ya vita viwili vya Wazungu, wakati msitu ulikuwa bado unang'olewa na chai inapandwa mahali pake. Nilikuwa na bahati, au ndivyo nilivyoona. Badala ya kung'oa visiki pamoja na wenzangu, nilipelekwa nyumbani kwa meneja, kwenye chumba cha maziwa. Meneja alikuwa na ng'ombe wa kizungu, na mke wake, memsabu, aliuza krimu. Nilizungusha mashine ya kutenga krimu, nikaosha mikebe, nikahakikisha mikebe imefika kwenye gari la maksai lililokwenda stesheni ya Lumbwa.

Nilipewa kaptula ya kaki, shati jeupe na kofia nyekundu yenye kishada. Jamani, kofia ile! Nilipita nayo kambini shingo imekakamaa, utadhani ng'ombe wale ni wangu. Wachumaji majani waliotoka upande wa ziwa walinitania kwamba mimi ni meneja wa pili, nami nikaupokea utani huo kama cheo. Nilikuwa kijana mwenye mke mzuri, mtoto mmoja, na ujinga wa kutosha watu kumi.

Krimu ilikuwa na safari ndefu. Kutoka kwetu mpaka stesheni ilikuwa ni mwendo wa maksai, na maksai hawana haraka na mtu. Siku za jua kali krimu ilifika imechacha, ikarudishwa, na memsabu akanuna siku mbili. Kwa hiyo alikuwa na kopo la unga mweupe, laini, usio na harufu, alilolifungia kabatini na kulitoa mwenyewe. Kijiko kimoja cha chai kwa mkebe mmoja, basi.

"Hii dawa ya maziwa," aliniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Maziwa hapana haribika. Lakini kwanza wewe osha mkebe na maji moto, moto kabisa. Kama mkebe chafu, dawa hapana saidia."

Nilisikia sehemu ya kwanza. Ya pili niliisikia pia, maana kila asubuhi nilimwagia mikebe maji ya kutokota mpaka vidole vikababuka. Lakini sikuziweka kichwani pamoja. Kwangu maji moto yalikuwa kazi, na unga ndio uliokuwa ujuzi. Nilipouona ukitiwa kwenye krimu, na krimu ikakaa siku tatu bila kugeuka, nilijiona nimeonyeshwa kitu ambacho baba yangu na babu yangu walikufa bila kukijua.

Sasa lazima nieleze maziwa ya kwetu, maana si kila msomaji amekulia huku. Kwetu maziwa hutiwa ndani ya kibuyu kinachoitwa sotet, yakakaa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, yakaiva, yakawa mursik. Kabla ya kuyatia, mwanamke hukata vijiti vya senetwet, mti mdogo wa maua ya njano na majani yenye harufu ya kukunja pua. Huvichoma vikawa kaa jekundu, akaviingiza ndani ya kibuyu, akasugua, akaponda, akazungusha, mpaka ndani kote pamekuwa peusi na moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu. Vumbi la ziada hulipangusa kwa ufagio mwembamba. Kibuyu hakimwagiwi maji ya kutokota, kitapasuka. Moto wa kile kijiti ndio maji moto yetu, ila mimi sikuliona hilo wakati huo.

Kazi hiyo si ya mwanamume. Mwanamume hashiki kijiti cha kibuyu wala habebi vijiti hivyo njiani. Ni kuni, na kuni ni mzigo wa wanawake. Mwanamke naye hujulikana kwa vibuyu vyake. Mgeni akinywa akaomba tena, sifa zitafika mpaka ng'ambo ya pili ya mto kabla yake. Mke wangu alijulikana. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikunywa mursik wa mke wangu mara ya kwanza akapangusa midomo na kusema, "Huyu akae."

Nilimleta mke wangu kambini mtoto alipokuwa bado wa kunyonya. Tulipewa chumba kimoja kwenye laini ya wafanyakazi. Miezi ikapita vizuri, kisha mke wangu akashikwa na homa kali, akalala wiki tatu, na alipoinuka maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mtoto akabaki wa uji na maziwa ya ng'ombe.

Maziwa niliyapata mara moja kwa wiki. Jumapili gari la maksai halikwenda stesheni, kwa hiyo maziwa ya siku hiyo memsabu aliniruhusu nichukue kiasi cha kujaza kibuyu kimoja kikubwa. Kibuyu hicho kilitakiwa kitufikishe Jumapili nyingine. Kwa mke wangu hilo halikuwa neno. Wiki moja ni nini kwa sotet iliyochomwa vizuri? Shida ilikuwa kijiti.

Pale shambani hapakuwa na senetwet. Kila kichaka kilikuwa kimeng'olewa. Ukisimama mlangoni petu uliona chai, na nyuma ya chai, chai. Mke wangu alijaribu mkalitusi uliopandwa kwa ajili ya moto wa kiwandani. Maziwa yakawa machungu, mtoto akayatema na kunitazama kana kwamba tumemchezea. Akajaribu kaa la kawaida la jikoni. Siku ya tatu kibuyu kilinuka, akamwaga. Kumwaga maziwa kwetu ni jambo zito, na mke wangu aliyamwaga akiwa amegeuza uso.

"Baba mtoto," aliniambia, "ukienda nyumbani niletee senetwet. Si mzigo, vijiti vichache tu. Hata kimoja. Nitakigawa vipande."

Mara ya kwanza nilipokwenda nyumbani nilisahau. Nilikuwa na habari nyingi za kusimulia, za mashine na memsabu, na kila mtu alitaka kuishika kofia yangu. Nilirudi mikono mitupu, nikaomba radhi, mke wangu akasema haidhuru, mwezi ujao.

Mwezi uliofuata sikusahau. Mama mwenyewe alikata vijiti, akavifunga kwa gome mzigo mzuri wa mkono mmoja, akaniambia, "Mpe mke wangu." Kwetu mama huweza kumwita mke wa mwanawe hivyo akimpenda. Nikaubeba. Nikatembea nao kutwa nzima bila taabu, kwa sababu njiani sikukutana na wanaonijua. Siku ya pili, nilipokaribia shamba, niliwaona wachumaji wamejipanga kwenye miteremko, wanawake kwa wanaume, na barabara inapita katikati yao. Nikajitazama: kaptula ya kaki, shati jeupe, kofia ya kishada, na kuni za kibuyu begani. Nikasikia vicheko hata kabla hawajacheka.

Palikuwa na kijito chini ya barabara. Nikautupa mzigo humo.

Nimeishi miaka mingi na nimefanya mabaya mengine, lakini sijawahi kufanya lingine jepesi kama lile. Ulikuwa ni mkono mmoja tu kunyooka. Vijiti vilielea kidogo, vikakwama kwenye matete, nikapita. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba mama hakuwa na senetwet, kwamba mwaka huu imekuwa adimu. Akasema, "Adimu? Senetwet?" Nikamkaripia kwa kuniuliza mara mbili.

Ndipo nikaukumbuka unga. Nilijiambia namfanyia mtoto jambo kubwa kuliko kijiti. Siku moja memsabu alilala na kichwa kinamuuma, akaacha funguo mezani, nami nikachota unga nikaufunga katika kipande cha gazeti. Jumapili ile, mke wangu alipotoka kuteka maji, nikautia kibuyuni, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, nikatikisa. Sikumwambia. Nilijua angekataa, na nilitaka aone matokeo kwanza, ndipo nimweleze, ndipo anishangae.

Maziwa yalikaa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, matamu. Mtoto alikunywa akiwa amekumbatia kikombe kwa mikono miwili, akamaliza, akakipiga chini kuomba kingine. Nilikaa nikimtazama na moyo wangu ukijaa. Mke wangu alionja, akanusa, akaonja tena.

"Maziwa haya yamekataa kuiva," akasema. "Leo siku ya nne."

"Si afadhali? Mtoto anakunywa matamu."

"Maziwa yanaiva au yanaoza. Haya yanafanya nini?"

Nikacheka. Nikamwambia labda maziwa ya ng'ombe wa kizungu yana adabu. Yalipokwisha akaosha kibuyu kwa maji baridi, hana kijiti cha kuchomea, akakianika juani. Jumapili nikatia tena.

Wiki ya pili maziwa yalikaa mpaka siku ya nne tu, kisha yakawa na harufu ndogo, si ya kuiva, harufu nyingine nisiyoijua. Nikaona unga ni kidogo. Wiki ya tatu nikatia mara mbili. Yakakaa. Wiki ya nne ile mara mbili haikutosha, harufu ikaja siku ya tatu, nikatia tena juu yake, kijiko kizima. Yakanyamaza. Nakumbuka nilijisikia fundi. Mtoto alikuwa ameanza kuwa na tumbo la kwenda na kurudi, lakini ni mtoto gani asiye na tumbo? Meno yalikuwa yanaota. Kila mama kambini alisema ni meno.

Wiki ya tano hayakuwa meno. Alianza Jumamosi. Alihara mpaka yakawa yanatoka maji matupu kama ya kuoshea mchele, macho yakazama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nilimbeba mpaka kwa mfunga vidonda wa shamba, akatupa dawa ya unga na kutuambia tumpe vitu vyepesi. Tulimpa nini? Tulimpa maziwa. Mimi mwenyewe nilimshikia kikombe. Alikunywa kwa kiu, Mungu wangu, alikunywa yote, na nikamwambia mama yake, "Ona, anakunywa, atapona."

Alikufa Jumanne saa nne za asubuhi, wachumaji wakiwa wanapima majani ya kwanza. Alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake. Mke wangu aliendelea kumpepea inzi muda mrefu, na mimi nilijua, na yeye alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Tulimzika pembeni mwa shamba, mahali mnyapara alipotuonyesha. Memsabu alinipa siku mbili na kopo la biskuti. Baadaye pembeni pale palilimwa, na sasa ni chai. Nikipita naweza kuonyesha mstari lakini siwezi kuonyesha mche.

Mama alikuja kutoka Silibwet. Aliingia, akalia, akakaa. Kisha macho yake yakaenda kwenye kibuyu kilichotundikwa ukutani. Akakiteremsha, akakifungua, akaingiza pua. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa kambi, wetu na wale wa upande wa ziwa.

"Kibuyu hiki hakikuchomwa," alisema mama.

Akamgeukia mke wangu.

"Nilikuletea senetwet mzigo mzima. Nilikata kwa mkono wangu, nikampa mume wako alete. Mzigo mzima! Na mtoto amenyweshwa kwenye kibuyu kinachonuka hivi. Umekuwa mvivu tangu lini?"

Mke wangu aliinua uso, akanitazama. Sikuweza kuuvumilia uso huo, nikatazama chini. Katika mfuko wa shati langu kilikuwamo kile kipande cha gazeti na unga uliobaki. Nilingoja aseme. Ilikuwa haki yake kusema, na alikuwa na neno moja tu la kusema, na angelilisema, yeye angelishinda na mimi ningelianguka mbele ya kambi nzima.

Alisema, "Nisamehe, mama."

Mama hakumsamehe. Aliagiza mbele ya wote kwamba mke wangu asishike kibuyu tena. Mursik wa nyumba yetu ungetoka Silibwet, umetengenezwa na mikono mingine, na kama tukipata mtoto mwingine, bibi yake atamtunzia maziwa. Kwa mwanamke wa kwetu hiyo ni sawa na kuvuliwa nguo hadharani. Mke wangu aliitikia. Kibuyu kikafungwa kwenye nguo kikaenda na mama.

Usiku, mchana, miezi ile yote, hakuniuliza kuhusu mzigo wa kuni. Alinipikia, akanifulia kaptula, akaniambia maneno ya lazima. Kule kutoniuliza kulinichosha kuliko ugomvi. Mara nyingine nilimchokoza ili agombe. Nilisema ugali una mabonge. Alisonga upya. Na mimi nilijiambia kwamba mtoto alikufa kwa tumbo, watoto wa watu hufa kwa tumbo kila masika, hata walionyweshwa kwenye vibuyu vilivyochomwa. Unga ule memsabu alikula katika krimu yake na alikuwa mzima, mwenye mashavu mekundu. Nilijiambia hivyo miaka mitatu. Lakini chumba cha maziwa kilinishinda. Kila nilipomwagia mikebe maji ya moto nilimwona mtoto na kikombe chake. Nikaacha, nikarudisha kofia, nikapata kazi ya kufagia na kuosha vyombo katika hospitali ndogo ya shamba.

Hapo palikuwa na mpimaji, Mkristo kutoka upande wa ziwa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na hadubini, chombo cha kukuza vitu visivyoonekana, na aliitumia kutafuta malaria katika damu za wachumaji. Kazi ikipungua alipenda kuangalia chochote: maji ya mtaro, uchafu wa kucha zake. Siku moja alinikuta nikinywa mursik uliotoka kwa mama, akaomba tone.

"Njoo uone watu wako," aliniita baadaye.

Niliweka jicho. Niliona vijiti vidogo vidogo, vingine vimeshikana mnyororo, vingi kuliko watu wa soko la Chepseon siku ya mnada.

"Hao ni bakteria wazuri," alisema. "Hao ndio wanakula utamu ya maziwa na kutoa ukali. Ule ukali, ndugu yangu, ndio unafukuza wale wabaya, wale wa kuharisha. Na hiyo makaa yenu nayo imesaidia, imechoma wabaya mapema kabla maziwa haijaingia."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia rafu. Kwenye rafu ile, juu ya kichwa chake, lilikuwapo kopo ambalo nilikuwa nimelipangusa wiki nyingi bila kulifungua. Siku hiyo kifuniko kilikuwa kimelegea, na ukingoni palikuwa na unga mweupe, laini. Nikauchukua kwa kidole. Nikaunusa: hauna harufu.

"Huu ni nini?"

"Boriki. Tunaosha nayo macho."

"Wazungu wanautia kwenye krimu."

"Ndiyo, wako wanaotia. Inazuia kuchacha."

Nikamwuliza, nikitazama kitambaa changu: tuseme mtu, mtu tu, autie kwenye maziwa ya kibuyu. Kibuyu ambacho hakikuchomwa. Itakuwaje?

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali kwa uaminifu, na hakujua anamjibu nani.

"Itakuwa mbaya. Hiyo dawa ikiwa kidogo haiui wote. Inalaza kwanza hawa wapole, hawa wa kuleta ukali. Wale wa kuharisha ni wagumu, wako kati yao wenye kuvumilia. Sasa wapole wamelala, ukali hakuna, shamba imebaki ya wagumu. Na maziwa itabaki tamu, mtu ataona ni nzuri."

"Na wiki ya pili?"

"Kama chombo haikuchomwa, wamejificha ndani ya nyufa. Nani wamebaki? Ni wale walioonja dawa wakaishi. Unaanza wiki na hao. Wanazaana, na watoto wao ni wagumu kama wao. Utaongeza dawa, watakaobaki watakuwa wagumu zaidi. Ni kama unawachagua mwenyewe." Akavua miwani akaifuta. "Tena dawa yenyewe ikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Lakini nani atafanya hivyo?"

"Hakuna," nikasema.

Nikatoka nje, nyuma ya tangi la maji, nikahesabu. Vidole viwili, mara mbili, kijiko kizima. Nilikuwa nimewachagua mwenyewe, wiki kwa wiki, nikawalisha, nikawaondolea adui, kisha nikamshikia mwanangu kikombe.

Jumapili hiyo nilimwambia mke wangu. Mvua ilikuwa imekatika, naye alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharagwe. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kijito, matete, funguo za memsabu, kipande cha gazeti, vijiti vidogo chini ya hadubini. Nilimwambia kwamba si kibuyu chake, si mikono yake. Nilidhani hilo litamfaa. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nampelekea zawadi.

Aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa.

"Ya mzigo niliijua siku ile mama aliposema," alisema. "Unga sikuujua." Akasawazisha maharagwe kwa kiganja. "Miaka mitatu nimelala nikikiosha kile kibuyu kichwani. Nakiosha, nakinusa, natafuta nilipopasahau."

"Nimekosa," nikasema. "Nimekukosea wewe na mtoto."

"Nilikuomba kijiti," akasema. "Nilikuomba hata kimoja."

Hakulia, au alikuwa amekwisha kulia yote bila mimi. Aliinuka na ungo wake akaingia ndani.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda Silibwet. Nilimsimulia mama yale yale. Alikuwa mzee sasa, akasikiliza mkono uko kwenye shavu. Nilipomaliza hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisema, "Basi nimemnyang'anya mtu mikono yake bure," akaingia ndani akaleta kibuyu kile kile, amekikarabati mdomo kwa ngozi mpya, akanipa. Vijiti vya senetwet nilikata mwenyewe. Nilikata mzigo mkubwa, wa kupinda mgongo.

Niliubeba mchana, nikapita nao katikati ya barabara ya shamba, wachumaji wamejipanga huku na huku. Walicheka kweli. Mmoja aliuliza kama siku hizi nimeolewa. Nilitembea polepole ili wote wapate nafasi.

Nikautua mzigo mlangoni, na kibuyu juu yake, nikamwambia mke wangu kwamba mama amesema arudi kwenye vibuyu vyake. Alikigusa kibuyu, akapitisha kidole mdomoni kwenye ngozi mpya. Kisha akakiweka kando. Akafungua gome, akavunja vijiti kimoja kimoja juu ya goti, vyote, akavisukuma mekoni chini ya sufuria. Moshi wake ulijaa chumbani, ile harufu ya nyumba ya kila mama wa kwetu, na mke wangu akapika ugali.

Tuliula katika moshi ule. Mtoto aliyezaliwa baadaye alinyonya mpaka akatimiza miaka mitatu, na hakuna maziwa ya ng'ombe yaliyoingia mlangoni petu tena. Kibuyu mke wangu hakukitupa. Alitia mbegu za maharagwe ndani yake, na kila masika alikifungua, akakinusa kwanza, ndipo akamimina.